Hatua Elfu Tisa za Chelel

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimenunua saa nyingine. Ya nne hii. Ya kwanza iliingia maji. Ya pili ilikataa kuongea na simu yangu. Ya tatu niliifungua nione ndani kuna nini, nikaona, na huo ukawa mwisho wake. Hii ya nne si yangu. Ni ya ng'ombe.

Nieleze, maana nikisoma haya mwakani nitadhani nilikuwa mgonjwa.

Chelel ni mtamba mweusi mwenye paji jeupe. Alikuja mwaka jana kutoka Londiani pamoja na ng'ombe wengine wa mahari ya binti yetu Nelvine. Wenzake walikuwa wamezaa tayari. Yeye ndiye aliyekuja mdogo, na ndiye kila mgeni alimsifu. Amepandishwa kwa sindano mara mbili. Mara mbili amerudia joto, hakushika mimba. Daktari Janefer, yule anayezunguka na pikipiki na chupa yake ya mbegu, anasema kosa si la ng'ombe wala la mbegu. Tunamwita tukiwa tumechelewa. Joto la ng'ombe, ule muda anaotaka dume, hudumu saa kumi na mbili hivi, likizidi sana kumi na nane. Na Chelel si wa kupiga kelele. Mellen, mke wangu, anashinda kwenye majani chai. Mimi nashinda Kericho nikisikiliza wawakilishi wa wadi. Tukigundua, limepita. Tarehe 26 Agosti limepita hivyo hivyo.

Mellen amesema: mara moja tu imebaki. Akirudia tena, anapiga simu Londiani waje wachukue mtamba wao, walete anayezaa. Desturi inamruhusu. Ng'ombe wa mahari asiyezaa hubadilishwa, hakuna kesi. Lakini desturi haisemi Nelvine ataishi vipi na watu wa huko baada ya hapo.

Basi mimi, ripota mwenye miaka ishirini na tisa kazini, nimepata dawa. Nimesoma kwamba ng'ombe mwenye joto hutembea mara mbili, hata mara tatu, kuliko siku zake za kawaida. Ng'ambo wanawafunga kifaa mguuni. Kifaa hicho huku hakuna. Zipo saa za kuhesabu hatua, karibu na stage ya matatu ya Kericho, ndani ya sanduku la kioo kati ya chaja na miwani ya kusomea.

Joto linatarajiwa tarehe 16. Siku kumi. Nina muda wa kutosha! — maneno niliyosema kabla ya kila kitu kilichoharibika katika nyumba hii.

Jumapili, 7 Septemba

Programu ya saa ilitaka kujua mwenye saa ni nani. Nikaandika ukweli, ni tabia ya kazi. Jina: Chelel. Umri: miaka miwili. Ikakataa, lazima awe amefikisha kumi na mitatu. Uzito: kilo mia tatu na kumi. Ikakataa, na ikanishauri nimwone daktari.

Mwishowe nikafufua akaunti yangu ya zamani, ya wakati ule madaktari waliponitisha kuhusu presha. Nimebadilisha jinsia tu, kwa sababu bila hivyo haifungui ukurasa wa kuhesabu siku za mzunguko. Nikaweka siku ishirini na moja. Ikakubali bila swali. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kompyuta, Chelel ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, kilo themanini na mbili, mkazi wa karibu na Litein, mwenye historia ya presha.

Mkanda wa saa haukutosha mguu. Nikakata tiubu ya baiskeli. Baada ya kanisa nikamfunga. Teke moja, la pajani. Natembea kwa upande.

Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Kogo ni mama yangu. Ana jina, Esnah, lakini tangu Nelvine azaliwe amekuwa kogo, yaani bibi, wa kila mtu, hata mimi mwanawe.

"Unamvalisha saa," akasema, "ana mkutano wapi?"

Simu kuukuu nimeitundika kwenye nguzo ya zizi, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Saa inaongea na simu, simu inaongea na mtandao, mtandao unaongea na mimi nikiwa Kericho. Kogo akauliza kama mimi naweza kuongea na ng'ombe moja kwa moja.

Jumatatu, 8 Septemba

Hatua 4,118. Inafanya kazi.

Saa imetuma ujumbe mara sita: *Umekaa muda mrefu. Simama utembee.* Alikuwa anacheua.

Jumatano, 10 Septemba

Obiero amenipigia simu asubuhi, anacheka hata hawezi kuongea. Obiero ni mpiga picha wetu, tumezunguka naye kaunti hizi mbili miaka kumi na moja. "Omera, ndugu yangu! Mguu umepona? Ama umeanza mazoezi ya marathoni bila kutuambia?"

Nilikuwa nimesahau. Mwezi wa nane waandishi wa Kericho na Bomet tulianzisha shindano la kutembea, tupunguze vitambi. Akaunti yangu ya zamani ndiyo niliyojiunga nayo. Nilitembea siku mbili nikaacha. Sasa jina langu liko namba moja.

Nikamwambia ni ng'ombe.

Akacheka zaidi: "Arap Ngeno, ukishindwa kujibu kitu, sema huna la kusema. Si ndivyo unatuambia sisi?"

Nimeandika kwenye kundi: *Hatua zilizo chini ya jina langu ni za mtamba. Tafadhali mnitoe.* Nimepata alama kumi na nne za kicheko. Hakuna aliyenitoa. Jambo lenyewe lingefaa kuwa habari: ng'ombe aliyefungwa kamba anatembea kuliko chumba kizima cha habari.

Ijumaa, 12 Septemba

Simu yangu ilikuwa mezani wakati wa chai. Ikatoa mlio. Mellen akasoma kwa sauti: "*Siku zako zimekaribia. Jitunze.*"

Akanitazama. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kutoka mwanzo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya.

"Baba Nelvine," akasema, "watu wengine wakikaribia kustaafu wananunua kofia."

Jumapili, 14 Septemba

Si siku ya mzaha.

Mellen alimwambia dada yake habari ya Chelel. Dada yake ananunua viazi kwa mtu wa Londiani. Huo ndio mtandao wenye kasi katika nchi hii, si wangu. Saa nane mchana Eliakim amepiga simu. Eliakim ni baba mkwe wa Nelvine.

Hakunisalimu kwa muda mrefu kama kawaida. Amesikia tunasema aliwapa watu ng'ombe tasa. Nikasema hakuna aliyesema hivyo. Akasema yeye hajaniuliza kama limesemwa, ananiambia limefika. Amevuna nusu ya viazi. Akimaliza, Jumamosi ya tarehe 11 mwezi ujao, anakuja na pikapu. Ataleta mtamba mwingine, atachukua wake. "Jina langu halitakaa kwako likila nyasi," akasema. Sentensi nzuri. Ningeitumia kama kichwa cha habari kama isingekuwa inanihusu.

Nelvine amepiga saa moja jioni. Amejificha nyuma ya ghala, anaongea chini chini.

"Baba, hiyo pikapu itapita sokoni. Kila mtu anamjua Chelel kwa hilo paji. Watamwona anarudi."

Nikamwambia ni ng'ombe tu.

"Si ng'ombe tu. Hapa nikikosea chumvi wanasema. Akirudi huyo, mimi ndiye yule ambaye ng'ombe wake walirudishwa. Mpaka nizeeke."

Nimemwambia Mellen. Alikaa na kikombe mkononi mpaka kikapoa. Alisema alikuwa amekasirika tu, hakujua maneno yangepanda gari. Sasa sisi sote wawili tunataka kitu kimoja: Chelel ashike kabla ya tarehe 11, na tuweze kumwonyesha Eliakim kwamba ameshika.

Keshokutwa ni tarehe 16. Nimebadilisha betri ya simu ya kwenye mkebe.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekuwa ndani ya bunge la kaunti tangu saa tatu. Mjadala: nani alisaini barua ya kumruhusu nani. Saa tano na nusu nikafungua simu chini ya meza.

Hatua 5,207. Na siku haijafika nusu!

Nikatoka mbio. Askari wa mlangoni alidhani ni habari kubwa, akanifungulia. Nikampigia Janefer. "Mzee, umemwona ng'ombe mwenyewe?" Sijamwona, nimeona namba. Nikasema: daktari, njoo, kama ni uongo nitakulipa mafuta ya pikipiki na aibu.

Amefika saa tisa alasiri, mimi nimefika naye. Chelel alikuwa anazunguka nguzo, mkia umeinuliwa, ute wazi kabisa. Hata mimi niliona. Janefer akacheka. "Wakati huu mmeniita kwa saa." Akatoa mrija kwenye chupa, ile baridi yake ikatoka kama moshi. Ni mbegu ya fahali wa ng'ambo anayeitwa Jupita. Mellen alimchagua mwenyewe kwenye kitabu, miezi miwili iliyopita. Mabinti zake wanatoa lita thelathini.

Kogo hakutoka nje kutazama. Alisema goti linamsumbua.

Mpaka jioni: hatua 9,412. Nimeshinda kaunti mbili.

Jumatano, 17 Septemba

Hatua 4,300. Mellen ameandika "Jupita" kwenye kalenda ya ukutani, tarehe ya jana, kwa kalamu nyekundu. Amekiambia chama chake chote cha akiba.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimetangazwa mshindi wa shindano la kutembea la Septemba, siku tano kabla ya mwisho, kwa sababu hakuna anayeweza kunifikia. Zawadi ni chupa ya maji. Obiero alinipiga picha nikiipokea. Nimesimama nimeegemea mguu mmoja kwa ajili ya lile teke. Nilikiri tena mbele ya wote kwamba ni ng'ombe. Wakapiga makofi zaidi.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya ishirini na moja. Kama hakushika, leo ndiyo siku ya kurudia.

Saa tatu: hatua 610. Saa sita: 1,880. Niliacha kazi nikarudi nyumbani kumtazama kwa macho, kana kwamba namba zingeaibika zikiniona. Alikuwa amelala, anacheua, hana habari nami. Jioni: 4,022. Tulivu kama Jumatatu ya kawaida.

Ameshika. Yaani — hakuna dalili ya kutoshika. Hiyo ndiyo sentensi sahihi.

Janefer hawezi kuthibitisha. "Kabla ya miezi miwili siwezi kumpima kwa mkono halafu nikudanganye, mzee. Ngojeni katikati ya Novemba." Lakini Eliakim anakuja Jumamosi. Kitu pekee duniani kinachosema Chelel ana mimba ni grafu yangu.

Nikampigia Eliakim. Nikamwomba asubiri mwezi mmoja.

"Kuna nini mwezi mmoja?"

Nikamweleza saa, hatua, grafu. Aliniacha nikamaliza. Yeye ni mtu wa heshima.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi sindano siiamini. Nimefuga miaka arobaini. Dume akipanda nikaona, nimeona. Hiyo yako ni ya kusoma."

"Njoo uisome basi."

Nikasikia akifukuza kuku wake. "Nitakuja niione. Lakini pikapu naja nayo."

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetengeneza grafu nzuri. Siku thelathini na moja, mstari wa kijani. Tarehe 16 inasimama peke yake kama mnara wa simu. Nikaipanua, saa kwa saa, Eliakim aone nilivyolikamata joto.

Nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona siku ile ile.

Tangu alfajiri, na tena kuanzia adhuhuri, mstari unaruka ovyo: hatua ishirini, tisini, arobaini, mia. Hiyo ni joto. Ng'ombe hajui anataka kwenda wapi. Lakini kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi si hivyo. Saa nne na dakika nne mpaka saa nne na dakika ishirini na saba, hatua zinakwenda sawasawa, dakika kwa dakika. Halafu kusimama dakika thelathini na tano. Halafu saa tano na dakika mbili, mwendo ule ule, dakika ishirini na tatu, kurudi.

Nikadhani ni hitilafu. Nikaangalia siku nyingine zote. Hakuna nyingine kama hiyo.

Ng'ombe aliyefungwa kamba alitoka, akaenda mahali, akakaa, akarudi. Mellen alikuwa kituo cha kuuzia majani. Mimi nilikuwa nasikiliza barua ya nani kwa nani. Nyumbani alikuwa Kogo peke yake, na goti lake.

Nimefundisha vijana watano kazi hii. Kila mmoja nilimwambia: kwanza tazama kile kisichokaa sawa. Mimi nimekitazama wiki tatu nikikisifu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilimwambia mhariri naumwa na tumbo. Mellen akaenda kuchuma. Kogo alikuwa kwenye maombi ya akina mama.

Mpango wangu ulikuwa wa kisayansi: nimtembeze Chelel kwa mwendo wa mama wa miaka themanini na mmoja, nipime mahali dakika ishirini na tatu zinapofika. Kanisani? Kisimani? Barabara kuu? Nilikuwa na daftari, saa mkononi na kamba. Nilijihisi mpelelezi. Majirani walimwona mwanamume wa makamo akitembea polepole sana na ng'ombe huku akimwangalia miguu.

Mpango haukuhitajika. Kwenye njia panda Chelel akakata kushoto bila kuniuliza. Akashuka mtoni, akavuka penye mawe, akapanda ng'ambo. Nilimfuata na daftari langu. Dakika ishirini na mbili. Akasimama mbele ya lango la Alfayo.

Alfayo alistaafu kiwanda cha chai miaka sita iliyopita. Ana fahali mwekundu, mfupi, mwenye nundu, ambaye Mellen humwita "lile jambo la Alfayo".

Alfayo akatoka, kikombe mkononi. "Ngeno! Mmerudi? Si mama alisema akishapandwa hatarudi?"

Nikamuuliza, kwa utulivu, tarehe gani. Akasema Jumanne moja, wiki tatu hivi. Mama alikuja mwenyewe, taratibu, kamba mkononi. Alikataa kiti. Alisimama mpaka kazi ikaisha. "Mara mbili," akasema Alfayo, na akaonyesha vidole viwili, nisije nikaandika vibaya.

Fahali alikuwa nyuma yake, anajikuna kwenye mti. Tulitazamana. Nikavuta kamba, tukarudi nyumbani.

Nilimngoja Kogo sebuleni. Aliingia, akanitazama, akatazama tope kwenye viatu vyangu. Akakaa.

"Umefika kwa Alfayo," akasema.

"Saa iliiandika asubuhi ile yote. Kogo, kwa nini?"

"Alikuwa na joto tangu alfajiri. Nilimwona. Wewe ulikuwa unavaa tai."

"Ungeniambia!"

"Ungeiuliza saa."

Haya anayasema kwa Kipsigis, na kwa Kiswahili yanapoteza makali. Nikamwambia Mellen amechagua Jupita, amelipa mbegu, amekiambia chama. Akasema Jupita hajawahi kuuona mlima huu. Nikamwambia mchana ule ule Janefer alipandisha. Akasema anajua, alisikia pikipiki, alinyamaza kwa sababu sindano haimdhuru ng'ombe aliyekwisha kushiba.

"Mjukuu wangu alinipigia simu analia," akasema. "Mimi sikungoja chupa ya moshi."

"Sasa ndama ni wa nani?"

Alifikiri. Naamini alifikiri kwa dhati.

"Wa Chelel," akasema.

Akaniomba nisimwambie Mellen. Haikuwa amri. Ni mara ya kwanza maishani mwangu mama yangu kuniomba kitu kwa sauti ya chini. Wanaishi jiko moja, yeye na Mellen, miaka ishirini na saba, na hawajawahi kukosana mbele za watu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu. Ofisi imefungwa, na wachapishaji wa mjini wamefunga pia. Printa yangu ina wino wa njano peke yake. Kwa hiyo kesho ni laptopu.

Mambo yalivyo, bila kupamba:

Grafu ikibaki ilivyo, Eliakim ataona ile safari ya asubuhi. Amefuga miaka arobaini, atajua kabla sijafungua mdomo. Na ndicho kitu pekee atakachoamini: dume. Chelel atabaki, Nelvine atapumua. Lakini Mellen atakuwa amekaa pale pale, mbele ya wakwe, akijulishwa kwamba Jupita wake huenda ni lile jambo la Alfayo, na kwamba mama mkwe wake alimzunguka.

Nikiifuta ile saa moja na nusu, inabaki sindano tu. Mellen yuko salama, Kogo yuko salama. Na Eliakim haamini sindano. Anapakia.

Nikaifuta. Nilitaka kuona inavyoonekana. Ni kazi ya sekunde nne. Safi kabisa, hakuna mtu angejua. Katika miaka ishirini na tisa sijawahi kumwekea mtu neno mdomoni wala kumtolea. Nimetishwa, nimetolewa nje ya mikutano, mara moja nilifungiwa chooni na msaidizi wa mwanasiasa. Leo nimefuta safari ya ng'ombe.

Nikairudisha. Nikaifuta tena. Nikairudisha. Nimeacha ikiwa imerudi, si kwa sababu ya maadili, bali kwa sababu Mellen aliniita kula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamefika saa nne. Pikapu ya bluu, mtamba wa kahawia nyuma, mzuri. Eliakim na kaka yake. Nelvine amekuja nao, alibanwa katikati kule mbele. Amekonda. Alimsalimu mama yake, akaenda zizini moja kwa moja, akaweka mkono kwenye paji la Chelel.

Chai imenywewa. Maziwa yamesifiwa. Maombi yameombwa na kaka ya Eliakim, marefu, mvua na viazi vikatajwa kwa majina. Eliakim akaweka kikombe chini.

"Basi, mkwe wangu. Nioneshe."

Mellen akatangulia kusema, ana furaha, ana kitenge chake cha kijani. "Baba Nelvine amepima kila kitu! Mtaona siku yenyewe Jupita alipofanya kazi."

Kogo alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mikono kwenye magoti.

Nimeingia chumbani kuchukua laptopu. Nimeiwasha. Imeniambia inafanya marekebisho, tafadhali usizime kompyuta. Asilimia tatu! Nimemiliki mashine kumi na moja, na hakuna iliyowahi kunielewa kama hii. Nimekaa kitandani na daftari hili, naandika ili mikono iwe na kazi.

Asilimia ishirini na sita. Nawasikia sebuleni. Kaka ya Eliakim anauliza grafu ni kitu gani. Mellen anaeleza, vibaya, kwa uhakika mkubwa.

Asilimia hamsini na nane. Nelvine ameingia. Amesimama mlangoni. "Baba, iko?" Nikasema inakuja. Hajasema kitu kingine. Ameniangalia kama alivyokuwa ananiangalia zamani akiniletea redio iliyoharibika. Nikumbuke kwamba nyingi sikuzitengeneza.

Amerudi sebuleni.

Asilimia tisini na moja. Nje mtu ameshusha mlango wa nyuma wa pikapu. Kile chuma kilivyolia, hata Chelel ameitikia.

Imefunguka. Mstari wa kijani, mnara wa tarehe 16, na vile vilima viwili vya asubuhi kushoto kwake, vya usawa kabisa, vinaonekana hata bila miwani. Kishale kiko juu yake. Sekunde nne.

Eliakim hasubiri tena, nasikia viatu vyake kwenye sakafu, vinakuja huku. Na nyuma yake sauti ya Kogo, si ya chini hata kidogo:

"Baba Nelvine! Leta na ile ya asubuhi. Mkwe anataka kuona dume, mwonyesheni dume."

Viatu vimesimama.

"Asubuhi gani?" anauliza Mellen.